Shubiri Moja ya Mpira

Mimi ndiye yule abiria anayefungua dirisha la basi asubuhi ya baridi, na wote mliowahi kukaa nami kiti kimoja mnanijua. Kati ya Mombo na Soni nilikutana na mama mmoja aliyefunga dirisha mara nne. Mimi nililifungua mara tano, tukashuka Lushoto bila kuagana. Kazini wananiita Mama Upepo. Sikuwahi kumweleza mtu sababu, maana hata mwenyewe nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba ni tabia tu, kama mtu anayependa chumvi nyingi.

Mwezi uliopita jiwe liliruka kutoka kwenye tairi la lori karibu na Mazinde, likapasua kioo cha mbele cha gari langu. Nilipofika Tanga, ninakoishi, nikaenda kwa fundi wa vioo, kijana mmoja mwenye maneno mengi na mikono safi. Nilisimama pembeni nikimtazama. Alipopaka gundi, ile harufu yake nzito ikanifikia, harufu ya lami mbichi iliyochanganywa na rangi ya kucha, na goti langu la kushoto likapata baridi ingawa tulikuwa Tanga, saa saba mchana. Akakibandika kioo, akachukua ule mpira mweusi unaozunguka ukingo, akaushindilia kwa kidole gumba kuanzia juu, akishuka pole pole hadi pembeni.

"Leo usibamize mlango, mama," akasema. "Na dirisha moja uliache wazi kidogo, hewa isije ikakisukuma kioo."

"Najua," nikasema. Kisha nikamuuliza swali ambalo sikujua kwamba nilikuwa nalo. "Mkitaka gundi ikauke haraka, mnaweka moto?"

Akacheka. "Moto wa nini, mama? Gundi hii inakaushwa na unyevu. Inakula maji ya hewani. Kwenu wapi?"

"Lushoto."

"Basi nyie huko ukungu wenu tu unatosha."

Nikakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale nikalia, na yule kijana akaacha kazi akaja kuniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba.

Baba yangu alikuwa seremala. Nyumba yetu ilikuwa juu ya barabara, nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukungu ukishuka unaingia hadi jikoni. Baba alikuwa mtu wa kingo. Mteja akija kuchukua meza yake, Baba hakumruhusu kuisifia kabla hajapitisha kidole kwenye ukingo, tena ule wa chini usioonekana. "Pitisha," alikuwa akisema. "Kikikwama, uniachie hapa hapa." Nimewaona wazee wazima wamepiga magoti wakipapasa chini ya meza kwa sababu Baba amewaambia. Mama alisema ni ugonjwa.

Sasa mtu huyo ndiye aliyepewa gari ndani ya makasha. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha mambo ya misitu alistaafu akarudi kwao, na mzigo wake mmoja alioshindwa kuumaliza akamwachia Baba: makasha matatu yenye gari la vipande vipande. Kulikuwa na bodi ya faiba, milango miwili, kioo cha mbele kilichoviringishiwa mablanketi, na kitabu cha maelekezo katika lugha iliyomshinda hata mwalimu mkuu. Shukrani kwa Mungu kilikuwa na picha. Baba akatafuta pikapu iliyokufa, akachukua chesisi yake na injini yake, akaanza kuunga.

Aliunga kwa miaka mitatu. Watu wakipita barabarani walikuwa wakiuliza, "Fundi, litatoka lini?" Naye anajibu, "Mwaka kesho." Basi gari likapata jina kabla halijapata magurudumu. Mwaka Kesho. Hata Mama alikuwa akisema, "Mpelekee baba yako chai, yuko kwa Mwaka Kesho," kama vile anazungumzia mke mwenza.

Nilikuwa darasa la pili nilipoanguka kutoka kwenye mti wa mapeasi na kuvunjika mguu wa kulia. Hospitalini wakanifunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka pajani hadi karibu na vidole, wakasema wiki nane. Wiki nane zinasemeka kirahisi. Kwetu ni mteremko mtupu. Kutoka mlangoni hadi chooni ni ngazi kumi na moja za udongo, na shamba la kabichi la Mama lilikuwa chini kabisa bondeni. Hakukuwa na mtu wa kushinda nami ndani. Baba akatafuta njia yake: akanibeba akanikalisha ndani ya Mwaka Kesho, bandani kwake, kwenye kiti cha kushoto, ambacho kilikuwa gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Hivyo yeye anapiga randa, mimi niko mbele ya macho yake.

Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Watoto wakitoka shule walikuja kunitazama, wakinipa salamu za darasani, nami nikiwaruhusu mmoja mmoja kushika usukani. Wiki ya pili walikuja wawili. Wiki ya tatu hakuja mtu, niliwasikia tu wakipita juu wakikimbia, na nikawachukia wote kwa sababu ya miguu yao. Ngozi ilikuwa ikiwasha ndani ya hogo, nikawa nakuna kwa spoku ya baiskeli. Nilijua idadi ya skrubu zote za dashibodi. Mlango wa upande wangu haukuweza kufunguka kwa sababu Baba aliegesha gari karibu na rundo la mbao, na ule wa dereva ulikuwa bado haujawekwa kitasa kwa ndani. Ili nitoke, lazima mtu afungue kutoka nje, aniinue, anibebe. Nilikuwa nikiomba kwenda haja hata kama sina, ili nibebwe tu, nione upande mwingine wa banda.

Siku moja niliwasikia Baba na Mama wakizungumza nje. "Mtoto anakonda humo," Mama alisema. Baba akajibu, "Siku ya kufunguliwa hogo atakwenda hospitali na gari hili hili. Nimemwahidi." Mama akaguna. Mimi nikaichukua ile ahadi nikaikalia. Nilielewa kwamba gari likiisha nitatoka, na lisipoisha nitabaki humo. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na hakuna aliyenieleza vingine.

Kilichokuwa kimebaki ni kioo cha mbele. Kioo chenyewe hakishikiliwi na skrubu wala misumari, ni gundi tupu, halafu mpira wa ukingo unazungushwa juu yake kuficha na kumalizia. Baba alikitoa kwenye mablanketi siku ya baridi kali, katikati ya kipupwe. Akaniambia, "Siku, kioo hiki hakina ndugu nchi nzima. Kikisogea tumekwisha. Kikipasuka, gari hili litakuwa banda la kuku."

Jina langu ni Sikudhani, ila nyumbani ni Siku tu.

Kabla hajaanza akaniletea kopo la gundi, maana mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake wa picha. Yeye alikuwa na macho ya kutazama mbao, siyo vijipicha vidogo. Kulikuwa na picha ya mkono unaobamiza mlango, imepigwa mkasi mwekundu wa kukataza. Hiyo ilikuwa rahisi. Kulikuwa na saa. Kisha kulikuwa na tone la maji, peke yake, halina mkasi wala nini.

"Hilo nini?"

"Tone la maji, Baba."

"Maana yake?"

Nikafikiri. Nilikuwa na miaka minane na nilipenda kuulizwa. "Maji hayatakiwi," nikasema. "Gundi inatakiwa ikauke."

"Umeona," Baba akasema, akautazama ukungu uliokuwa umejaa barabarani kama anautazama mwizi. "Na hali yenyewe ndiyo hii."

Tulikibandika pamoja, yeye nje na mimi ndani. Kazi yangu ilikuwa kukishika kwa viganja viwili juu ya vipande vya kanga ili nisikichafue, nikikivuta kidogo Baba anaposema vuta, nikikiacha anaposema basi. Nasema kweli, ile saa moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Lushoto. Uso wa Baba ulikuwa mkabala na wangu, kioo katikati yetu, ulimi wake umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kilipokaa, akachukua mpira wa ukingo akaanza kuushindilia. Alikuwa amejitengenezea kigurudumu cha mti cha kuufuatishia, akawa anapita nacho kidogo kidogo, anarudi, anapita tena. Akaanzia chini, karibu na pembe ya kushoto, akaenda kulia, akapanda, akavuka juu, akashuka upande wangu. Alipofika pembe ya chini kushoto, mbele ya goti langu, mpira ukaisha.

Umepungua shubiri moja. Baba alipima kwa mkono wake, akapima tena, akapima mara ya tatu. Sijui kama alikosea kukata au kama ulitoka kwenye kasha hivyo hivyo. Alisimama pale akiwa amekasirika na nafsi yake, mtu ambaye hakuwahi kukata ubao ukapungua.

"Kuna kipande nilikiona kwa Hoza," akasema. Hoza alikuwa rafiki yake, fundi wa pikipiki, karibu na msikiti. "Naswali alasiri, napita kwake, narudi."

"Nitoe kwanza, Baba."

"Nikikutoa sasa gari litatikisika. Subiri gundi ishike."

"Nasikia baridi."

Hilo nililisema mimi. Nimelirudia kichwani miaka yote hii na ni langu. Baba akanitazama, akagusa gundi kwa ncha ya kidole pale pembeni, ikamshika kidole, bado mbichi. "Na yenyewe inasikia baridi," akasema, akafurahi, maana alikuwa amepata dawa ya wote wawili. Akaenda jikoni akarudi na jiko la mkaa limeshika vizuri, jekundu, halina moshi.

Msishangae. Kwetu wakati wa baridi jiko la mkaa linaingizwa chumbani kama mgeni. Tulilala nalo. Tofauti ni kwamba nyumba yetu ilikuwa na matundu kila mahali, na Mwaka Kesho alitengenezwa na Baba. Madirisha ya pembeni yalikuwa plastiki ngumu iliyokazwa kwa skrubu, hayashuki. Milango ilikaa kwenye mipira yake hata sisimizi asipate pa kupita. Baba akaliweka jiko juu ya kipande cha bati, chini upande wa dereva, akauegemeza mlango taratibu kabisa, asije akaubamiza. Kisha, kwa kuwa upepo ulikuwa unasukuma ukungu na kioo hakina ndugu, akaufunga kwa kamba kwenye nguzo ya banda, mafundo mawili.

"Usiguse kioo," akaniambia kwa nje, sauti ikifika kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Hata wakikuita malaika."

Joto lilikuwa zuri. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka vizuri zaidi na ndilo linalonitisha. Vidole vya mguu wangu, vile vilivyochungulia mwisho wa hogo, vilipata joto kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilimtazama Baba akipotea kwenye ukungu. Nikahesabu skrubu. Kisha kichwa kikaanza kuniuma mbele, juu ya macho, nikafikiri ni harufu ya gundi. Kikazidi. Nikajisikia kichefuchefu na usingizi pamoja, usingizi mtamu wa ajabu, nikawaza kwamba nikilala Baba atarudi upesi.

Nilitapika kidogo juu ya hogo langu, na hilo ndilo lililoniamsha. Nikataka kutoka. Sikujua mkaa una nini. Nilitaka kutoka tu, kwa mwili mzima. Mlango wangu ulikuwa na mbao. Ule wa Baba ulikuwa upande wa pili wa jiko, nami na hogo langu nisingeweza kulivuka. Nikachukua fito ya mbao iliyokuwa sakafuni nikausukuma mlango kutoka mbali. Kamba ikakaza. Baba alijua kufunga mafundo. Nikaita, "Baba!" Nikaita, "Mama!" Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma na ukungu ulikuwa umekaa juu ya kila kitu. Nilipiga kelele hadi koo likauma, na kila nilipovuta pumzi kichwa kilizidi kuwa kizito.

Kilichobaki ni kioo.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikuogopa kufa, sikujua kama ninakufa. Niliogopa kioo. Nilikaa mbele yake nikilia, naona barabara, naona ukungu, naona ukingo mweusi ulionyooka aliouzungusha Baba kwa kigurudumu chake, na nikajiambia kwamba nikikigusa, miaka mitatu yote imekwisha, gari litakuwa banda la kuku, na mimi sitatoka humu kamwe. Nilijizuia. Sijui kwa muda gani. Mikono yangu ilikuwa imeanza kuwa mizito kama si yangu, nikawaza kwamba Baba atafurahi akikuta sijakigusa.

Ila pale chini kushoto, kwenye ile shubiri isiyokuwa na mpira, niliona gundi ikiwa wazi, nyeusi, inang'aa, na niliona pia kwamba hapo ndipo Baba aliponyoosha kidole ikamshika. Bado mbichi. Nikainua mguu wangu wa hogo kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kama gogo. Nikauweka kwenye ile pembe, nikaegemeza mgongo kwenye gunia, nikasukuma.

Kioo kilitoa mlio mdogo, tak, na mstari ukatembea kutoka pembeni kuelekea juu, urefu wa kiganja. Kisha gundi ikaanza kuvutika. Nikasukuma tena. Pembe ikainuka, upana wa vidole viwili, na ukungu ukaingia. Niliusikia kwenye goti kwanza, baridi, na harufu ya mikaratusi na kabichi zilizolowa. Nikajivuta hadi pale, nikaweka mdomo kwenye ule upenyo, nikauvuta ukungu kama mtoto anayenyonya. Gundi ilinishika shavuni. Nilikaa hivyo, mdomo nje na mwili wote ndani, na hivyo ndivyo Mama alivyonikuta alipopanda kutoka shambani na tenga la kabichi kichwani.

Tenga lilianguka. Kiswahili kilimwishia Mama palepale, akawa anaita kwa Kishambaa, jina langu na la Mungu na la mama yake. Alikata kamba kwa mundu wake wa shambani. Akanitoa akanilaza chini kwenye maranda ya mbao, akanipepea kwa kanga, akanipiga makofi mashavuni, huku kabichi zikiendelea kuporomoka kuelekea barabarani.

Baba akatokea na kipande cha mpira mkononi. Alisimama. Akatazama jiko, akatazama kamba iliyokatwa, akanitazama mimi. Alilishika lile jiko la moto kwa mikono mitupu akalirusha mbali nje ya banda. Kisha akaenda kwenye gari, akaweka paji la uso juu ya boneti na viganja viwili juu ya kioo, pale pembeni pa ule ufa, akalia. Sikuwahi kumwona Baba akilia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, na Mama akamwacha.

Nami nikiwa nimelala pale chini, nikaelewa. Analilia kioo.

Hakuna aliyelizungumza jambo lile tena. Kwetu jambo kubwa likitokea watu wanafunga midomo wanarudi kazini. Baba alikaa siku tatu mikono imefungwa vitambaa, halafu akakibandika kioo upya, na ufa wake, akauzungusha mpira. Alipofika pembe ya chini kushoto akasimama. Kipande kutoka kwa Hoza alikuwa nacho, nilikiona juu ya meza yake. Hakukitia. Hata gundi hakuimalizia hapo. Aliacha uwazi unaopitisha kidole, akapaka pembezoni mwake rangi nyeusi, akafuta mikono.

Siku ya kufunguliwa hogo tuliteremka na Mwaka Kesho hadi hospitali, watu wakisimama kando ya barabara wakipiga makofi. Nilikaa kushoto. Upepo uliingia kwenye ile pembe ukanipiga gotini njia nzima. Ulinipiga gotini miaka yote niliyopanda gari lile, wakati wa shule, wakati wa sokoni, hadi siku nilipoondoka kwenda kusoma. Mvua ikinyesha, maji yalichuruzika kwenye sketi yangu. Watu walimtania Baba: "Fundi, gari lako lina pua!" Naye alijibu, "Ndiyo, linapumua." Mama aliwahi kuchomeka kitambaa, Baba alikichomoa bila kusema neno. Mtu ambaye hakuweza kuvumilia ukingo wa chini wa meza uwe na mkwaruzo, akaendesha gari lenye tundu miaka kumi na mitano. Mimi nilijua sababu. Alikuwa ameliacha ili nisisahau nilichokifanya. Nilikaa mbele ya kosa langu kila safari, nikatia goti langu pale, nikanyamaza.

Sasa rudini Tanga, kwenye lile tairi kuukuu. Nilipomaliza kulia nilimwomba yule kijana aniuzie gundi kidogo na kipande cha mpira wa ukingo. "Urefu gani, mama?" Nikamwonyesha kwa mkono, kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

Jumamosi nikapanda Lushoto. Baba sasa ni mzee, mikono inatetemeka, haendeshi tena. Mwaka Kesho yuko bandani palepale, magurudumu yamekaa juu ya magogo, anapanguswa kila Ijumaa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu nalo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na begi la kazi?"

Nikamwambia habari za kioo changu, na za kijana wa Tanga, na nilipofika kwenye gundi nikapunguza mwendo. "Baba, ile gundi haikaushwi na moto. Inakaushwa na unyevu. Lile tone la maji kwenye kopo, walikuwa wanasema maji yanatakiwa. Mimi ndiye niliyekusomea vibaya."

Kuku akaingia, akatoka.

"Kwa hiyo ukungu ungetosha," akasema.

"Ungetosha."

"Na jiko lile halikuwa na kazi."

"Niliomba mimi. Nilisema nasikia baridi." Nikaona bora niyamalize yote siku ile ile. "Nisamehe kwa kioo, Baba. Najua ulivyokililia."

Akageuka akanitazama kwa macho yake yaliyofifia, kweli haelewi. "Kioo gani?"

"Kioo hiki. Siku ile. Uliweka mikono juu yake ukalia."

"Siku," akasema Baba, "ufa ule mimi niliuona kesho yake." Akainua viganja vyake, na nikayaona yale makovu ya jiko ambayo nimeyaona maisha yangu yote. "Niliweka mikono pale kwa sababu pale ndipo palipokuwa na alama ya mdomo wako."

Nikafungua begi, nikatoa gundi na kile kipande cha mpira, nikapiga goti mbele ya pembe ya chini kushoto. Nilisafisha vumbi la miaka. Nilipoweka gundi, mkono wake ukanishika kifundo cha mkono.

"Hapo acha," akasema. "Hapo niliacha upumue."

"Baba," nikasema. "Mimi nilishatoka."

Hakuuachia mkono wangu mara moja. Nilisubiri. Kisha akauachia, nami nikaushindilia mpira kwa kidole gumba, kidogo kidogo, nikirudi, nikipita tena, hadi ncha yake ikakutana na ile aliyoiacha yeye. Nilikuwa nimeukata sawasawa. Nikamsaidia kuinuka kwenye kigoda, akainama, akaweka kidole chake juu ya ukingo, akakipitisha kuanzia chini, akaenda kulia, akapanda, akavuka juu, akashuka upande wangu hadi chini. Hakikukwama.